Mbuzi wa Mbawala na sukari isiyo yake

Aliletwa saa tano asubuhi, mwezi wa Novemba, wakati jua la Mtwara limeshapanda na upepo umekata. Beberu mweusi mwenye baka jeupe shingoni, amefungwa miguu yote minne kwa kamba ya katani, amelazwa mapajani mwa mzee mmoja nyuma ya bodaboda, njia nzima kutoka Mbawala. Kichwa kilikuwa kinaning'inia upande wa bomba la moshi. Waliposhuka, mzee alimlaza juu ya sakafu ya baraza la kituo chetu cha mifugo, na beberu hakulia. Mbuzi anayelia bado ana nguvu ya kudai. Akinyamaza macho yakiwa wazi namna ile, mimi huwa naogopa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyu wiki ya pili sasa anakonda, na majani anakula. Nikasema nimlete mpate kumwona damu."

Nilimtoa damu kwenye mshipa wa shingo, pale pale barazani, miguu ikiwa bado imefungwa. Ndiyo, nilifanya hivyo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa na haraka ya kurudi kwenye korosho zake. Majibu yalipotoka, sukari ilikuwa karibu mara mbili ya kiwango cha juu cha mbuzi mwenye afya. Kwa kawaida mbuzi huwa na kati ya milimoli 2.8 na 4.2 hivi kwa kila lita ya damu. Chembe nyeupe nazo zilikuwa zimekaa kama za mnyama mwenye maambukizi. Wingi wa chembe nyekundu ulikuwa wa kuridhisha.

Mzee alinisikia nikimsomea mwenzangu namba zile. Akauliza kwa sauti ya mtu ambaye maradhi hayo yanaishi nyumbani kwake: "Dokta, kumbe mbuzi naye anaugua sukari?"

Nilimjibu kwamba sukari ile ipo kweli, ila si ya mbuzi, ni ya safari. Alinitazama akanyamaza kwa adabu, na nikajua hajanielewa. Foleni ikasogea. Jibu nililopaswa kumpa siku ile ni refu, na nimekuwa nikilitafuta tangu mwaka wangu wa mwisho chuoni. Hili hapa.

Tuanze na namba yenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani tunaposema "mnyama alikuwa na hofu" tunamaanisha kipimo kimekosea. Kipimo hakikukosea. Sukari ilikuwamo kwenye damu, chembe kwa chembe. Huku kwetu Kusini kila mtu anaijua stakabadhi ghalani: korosho yako imo ghalani, imepimwa, imeandikwa, na haitoki mpaka mnada upite na karatasi zikamilike. Ini ni ghala la namna hiyo. Limehifadhi sukari kwa umbo la glaikojeni, na siku ya kawaida hutoa kidogo kidogo kwa mpangilio. Mnyama akishtuka, ubongo unatuma amri kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, tezi za adrenali, nazo zinamwaga adrenalini. Adrenalini ikifika kwenye ini, milango ya ghala inafunguliwa yote na hakuna anayeuliza stakabadhi. Wakati huo huo kongosho linazuiwa lisitoe insulini ya kutosha. Mwili unajaza mafuta kwa ajili ya mbio. Kwa beberu aliyefungwa kamba miguu yote, mbio hizo hazipo. Sukari inabaki inazunguka.

Hayo huanza ndani ya sekunde chache. Nyuma yake inakuja amri ya pili, ya polepole kidogo. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi inaamsha tezi ya pituitari, pituitari inatuma ujumbe kwa njia ya damu, na ganda la nje la tezi zile zile za adrenali linatoa homoni nyingine. Kwa binadamu, mbuzi na mbwa ni kotisoli. Kwa panya wakubwa na wadogo wa maabara ni ndugu yake, kotikosteroni. Hii huchukua kama dakika mbili au tatu kuanza kuonekana kwenye damu, na hufika kileleni baada ya robo saa hadi nusu saa. Ndiyo maana wanaopima homoni hii hutaka damu ya hali ya utulivu ipatikane ndani ya dakika tatu tangu mnyama aguswe. Baada ya hapo unachopima ni habari ya wewe mwenyewe kuwapo pale.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1911, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Walter Cannon na wenzake walikuwa wakifanya kazi na paka. Kabla ya hapo Cannon alikuwa amewatazama paka kwa eksirei wakati wakisaga chakula, akaona kwamba paka akihamaki, tumbo lake linasimama kabisa. Mwaka huo akafunga paka kwenye kifaa cha kuwashikilia, bila kuwajeruhi, akapima mkojo wao. Waliokasirika na kuogopa walitoa mkojo wenye sukari. Katika jaribio jingine, paka waliobwekewa na mbwa walitolewa damu, na damu ile ilipodondoshewa kipande cha utumbo kilichokuwa kikicheza, kipande kililegea, kama kinavyolegea kikidondoshewa adrenalini yenyewe. Damu ya paka yule yule kabla ya mbwa haikufanya hivyo.

Kuna jaribio lake jingine ninalolipenda zaidi, maana halina mnyama hata mmoja. Mwaka 1913, baada ya mechi ya mwisho ya msimu ya timu ya chuo chao, Cannon na mwenzake Fiske walipima mkojo wa wachezaji 25. Kumi na wawili walikuwa na sukari. Kati ya hao, watano walikuwa wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Walikaa pembeni wakitazama. Nikipita uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona siku ya mechi kubwa, nikaona vijana wa akiba wameinama viwiko magotini, nawakumbuka wale watano.

Baadaye, mwaka 1936, akaja Hans Selye huko Montreal, Kanada. Alitoa ukurasa mmoja tu katika jarida la Nature, kuhusu panya waliotiwa baridi kali, au kuumizwa, au kuchoshwa kwa mazoezi, au kudungwa sumu za aina mbalimbali kwa vipimo visivyotosha kuua. Vyote hivyo, pamoja na tofauti zake, vilileta mambo yale yale: tezi za adrenali kuvimba, tezi ya thaimasi kunywea, na vidonda tumboni. Kutoka hapo ndipo neno la msongo likaingia kwenye vitabu vya tiba kwa maana tunayoitumia leo.

Nilisoma yote haya darasani. Nilijibu mtihani. Na bado sikuyajua, mpaka panya 24 waliponifundisha.

Mama yangu mkubwa anakaa Mikindani, nyumba ya tatu kutoka kwenye maghofu karibu na maji. Ana sukari tangu mimi nikiwa sekondari. Kila asubuhi huchuma majani ya mwarobaini, huyachemsha, huyanywa uchungu wake wote bila kukunja uso, kisha humeza kidonge chake cha hospitali. Nilipofika mwaka wa mwisho na kutakiwa kuchagua utafiti, sikufikiri mara mbili. Nitapima majani ya mama mkubwa.

Wanafunzi wengi Afrika nzima wamefanya utafiti wa namna hii, kwa hiyo njia yake inajulikana. Unapata panya weupe. Baadhi unawachoma alloksani, kemikali inayoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, wanakuwa na kisukari. Kisha unawagawa. Mimi nilikuwa na vizimba vinne, panya sita kila kimoja: wazima, wagonjwa wasiopewa kitu, wagonjwa wanaonyweshwa mwarobaini, na wagonjwa wanaopewa dawa ya hospitali. Kila baada ya siku chache unamtoboa kila panya ncha ya mkia, tone moja kwenye kimashine cha sukari, unaandika.

Chumba kilikuwa kidogo, na kila kitu nilikifanya humo humo. Kizimba cha mwarobaini kilikuwa karibu na mlango, nami nilianza nacho kila siku, kwanza kwa kuwa kilikuwa karibu, na pili kwa kuwa ndicho nilichokuwa na hamu nacho. Kizimba cha wagonjwa wasiotibiwa kilikuwa mwisho kabisa, chini ya sinki. Nilikuwa bado mgeni wa kazi. Nilimkamata panya kwa mkia, nikamning'iniza, nikamsokomeza kwenye mrija wa kumshikilia, akapiga kelele, akakojoa, nikamtoboa, nikamrudisha, nikamfuata mwenzake. Kufika kwenye kizimba cha mwisho ilikuwa imepita saa moja na zaidi.

Wiki ya tatu nilichora grafu. Mstari wa mwarobaini ulikuwa chini, mstari wa wasiotibiwa ulikuwa juu, na katikati kulikuwa na nafasi pana. Niliangalia ile karatasi machozi yakanilengalenga. Nikatoka nje, nikampigia simu.

"Mama mkubwa, majani yako yanafanya kazi. Nimeyaona kwa macho yangu."

Alifurahi mno. Akaniombea dua ndefu. Sikumwambia aache vidonge. Lakini sikumwambia asiache.

Siku nne baadaye msimamizi wangu aliipokea ile grafu, akaiangalia kwa muda, akauliza swali moja: "Ulianza na kizimba kipi?"

Nikamwambia. "Kila siku?" Nikamwambia kila siku. Hakunikemea. Alinichukua mpaka kile chumba, akanisimamisha karibu na sinki, akaniambia nitazame upande wa meza. Kutoka pale chini, kizimba cha mwisho kilikuwa kikisikia na kunusa kila kitu. Ndipo akaniambia jambo ambalo mpaka leo likinijia usingizi unakatika. Panya mwenye hofu hutoa mlio wa kuwatahadharisha wenzake, wa takribani kilohezi 22. Sikio la binadamu linaishia kwenye kilohezi 20 hivi. Panya wenyewe husikia mbali sana kupita hapo. Maana yake ni kwamba kwa wiki tatu nilikuwa nikifanya kazi katikati ya kamsa, na kwangu chumba kilikuwa kimya.

Panya aliyeogopa pia huacha harufu ambayo wenzake huisoma. Na hata bila mlio na harufu, kule kuondolewa mmoja mmoja kunatosha. Kuna jaribio la mwaka 1989 ambapo panya wadogo waliokaa kizimba kimoja walitolewa mmoja baada ya mwingine na kupimwa joto la mwili. Waliotolewa mwisho walikuwa na joto kubwa kuliko waliotolewa mwanzo, na hakuna aliyekuwa amewagusa. Walikuwa wakingoja tu.

Tukarudia. Safari hii mpangilio wa vizimba ulipigwa kura kila asubuhi. Damu ilitolewa chumba kingine. Kwa siku kumi kabla ya kuanza sikumtoboa panya yeyote. Niliingia tu, nikaweka mkono kizimbani, nikawaacha waunuse, nikawazoesha kuingia kwenye kipande cha bomba la plastiki la maji na kubebwa humo. Siku ya kwanza ya vipimo nilishangaa panya yule yule aliyekuwa akinikojolea sasa ametulia kiganjani, masharubu yanacheza. Na namba zikabadilika. Wasiotibiwa walibaki na sukari ya juu, maana alloksani haitanii, lakini ile nafasi pana kati yao na wa mwarobaini ilisinyaa. Kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi kwamba sikuweza kukisemea neno.

Sisemi mwarobaini haufai. Panya wangu hawakunipa haki ya kusema hivyo, wala ya kusema unafaa. Nilichokuwa nimepima wiki tatu za mwanzo ni umbali wa kila kizimba kutoka kwenye hofu.

Nilipompigia simu mama mkubwa kumweleza, aliyepokea alikuwa binti yake. Mama mkubwa alikuwa ameacha vidonge tangu siku ile ya furaha, na jana yake alikuwa ameanguka kisimani. Alipona, namshukuru Mungu, na vidonge akavirudia. Hajawahi kunilaumu hata kwa kunitupia jicho. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba kumshika panya kwa upole ni mambo ya Wazungu wanaopenda wanyama kuliko watu, nafsi yangu inasimama. Mtu aliyeanguka kisimani Mikindani alianguka kwa sababu ya mkono ulioshika panya vibaya mahali mbali sana. Mkono wangu.

Baada ya hapo nilianza kusoma kwa njaa, nikakuta wengine wameyaona haya na kuyapima. Huko Ujerumani, mwaka 1980, Gärtner na wenzake walionesha kwamba kusogeza tu kizimba cha panya kunatosha kubadili homoni na mapigo ya moyo. Mwaka 2004 Jonathan Balcombe na wenzake wawili walikusanya tafiti 80 kuhusu mambo matatu ya kila siku maabara: kumshika mnyama, kumtoa damu, na kumnywesha kitu kwa mrija. Karibu kila mahali kotikosteroni, sukari, mapigo na presha vilipanda, na mara nyingi vilikaa juu nusu saa au zaidi. Wengine hudhani mnyama huzoea. Kwa mengi ya mambo hayo, dalili za kuzoea zilikuwa haba.

Lakini namna ya kushika ina uzito wake. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walilinganisha panya wadogo wanaokamatwa kwa mkia na wanaobebwa kwenye bomba au kwenye viganja viwili vilivyokunjwa kama unavyochota maji. Wa mkia walimkimbia mshikaji na kuonesha wasiwasi. Wa bomba na wa viganja walimsogelea wenyewe. Sikuwa na habari zao nilipokata kipande changu cha bomba. Ilikuwa shauri ya msimamizi wangu, na bila shaka yeye alikuwa amewasoma.

Utafiti ulionishangaza zaidi ulitoka Montreal mwaka 2014, kwa Jeffrey Mogil na wenzake. Panya waliposhikwa na mwanamume, au hata walipowekewa tu fulana aliyoivaa usiku uliopita, msongo wao ulipanda kama wa panya aliyebanwa kwenye mrija kwa robo saa. Harufu ya mwanamke haikufanya hivyo. Hali hiyo hupungua mtu akikaa nao kwa muda, lakini fikiria ni majaribio mangapi duniani yamefanywa asubuhi na mwanamume na jioni na mwanamke, na hakuna aliyeandika.

Sukari si peke yake. Chembe nyeupe ndizo zinazodanganya watu wengi zaidi, hasa tunaofanya kazi bila mashine za kisasa. Chembe ziitwazo neutrofili nyingi huwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa. Kotisoli na adrenalini zikija, zinabanduka na kuingia kwenye mkondo, na zinazotoka kwenye uboho zinaongezeka. Limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, zinafanya kinyume chake, zinatoka kwenye damu na kwenda kujificha kwenye tishu. Ukihesabu chini ya hadubini unaona neutrofili nyingi, limfosaiti chache, unaandika "maambukizi", na mnyama anachomwa antibayotiki ambazo hakuzihitaji. Kwa kuku hali ni ile ile, na uwiano wa chembe hizo mbili umetumika tangu 1983 kama kipimo cha msongo wa muda mrefu.

Na kuna wengu. Wengu ni mfuko wa akiba wa chembe nyekundu. Mnyama akishtuka, unajikamua na kumwaga akiba hiyo kwenye mishipa, na mara damu inaonekana nzito, nyekundu, yenye afya. Hili zingatieni, ndugu zangu mnaofanya kazi huku kwenye mbung'o, kupe na minyoo. Upungufu wa damu unaweza kufichwa kwa muda na hofu ya mnyama mwenyewe.

Huku kwetu pia kuna joto. Damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, chembe zake zinaendelea kula sukari. Ya binadamu hupoteza kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa moja katika joto la kawaida la chumba, na chumba cha Mtwara mwezi wa Novemba si cha kawaida. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina floridi inayozuia hilo, lakini chupa za kijivu ndizo zinazoisha mapema. Sasa angalia hatari yake. Hofu ya safari imepandisha sukari, kisha chupa iliyokaa juani imeishusha, na karatasi ya majibu inatoka na namba nzuri kabisa, katikati ya kiwango. Makosa mawili yamekutana njiani, na hakuna hata mmoja atakayeshtuka.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, nayo haimsahau mnyama wa utafiti. Ningependa isomwe na watu wa maabara kama sehemu ya mafunzo ya kupima, siyo kama karatasi ya kutuzuia kazi. Nisemacho ni kwamba mnyama aliyetulia na majibu ya kweli ni kitu kimoja, na sioni namna ya kuvitenganisha.

Wazee wetu hawakuhitaji kotisoli ili wajue. Mjomba wangu, aliyenilea kwa sehemu kubwa kule Newala, hakuruhusu mbuzi wa kitoweo akimbizwe. Aliletwa jioni, akafungwa chini ya mkorosho kwa kamba ndefu, akapewa majani, akachinjwa asubuhi. Tukiwafukuza kwa mchezo sisi watoto, tulipigwa. Alisema nyama ya mnyama aliyehangaika inakuwa nyeusi na haikai. Chuoni nikajifunza sababu: mnyama aliyesumbuliwa kwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa anakuwa amemaliza glaikojeni ya misuli, nyama haipati asidi yake, inabaki nyeusi, ngumu na inaharibika upesi. Mjomba alikuwa ameshaufikia ukweli huo kwa kisu na sufuria. Hata samaki nchanga, wale panya wa mashambani ambao huku kwetu ni kitoweo cha heshima, aliwachimba taratibu.

Sasa nirudi kwa mzee wa Mbawala. Yule beberu alinikaa kichwani siku mbili. Siku ya tatu nilitoka alfajiri, nikapanda bodaboda mimi, nikamfuata kwake. Nilikuta mifugo bado imelala. Mzee alitoka na kikombe cha chai, akashangaa kuniona, nikamwomba asimwamshe mbuzi bali aende akakae karibu naye kama anavyofanya siku zote. Tulikaa. Jua likachomoza nyuma ya minazi. Beberu akanyanyuka mwenyewe, akaja kunusa magoti ya mzee, kisha akaja kunusa mkoba wangu.

Mzee akamshika kidevu kwa mkono mmoja na mkono mwingine akawa anamkuna katikati ya pembe, akimsemesha kwa Kimakonde maneno ambayo ni yao wawili. Sindano iliingia na kutoka, na mbuzi akaendelea kucheua. Hazikufika dakika mbili. Damu niliiweka kwenye chupa ya kijivu, nyingine kwenye ya zambarau, ya kuhesabia chembe, nikazitia kwenye kikapu chenye barafu.

Kabla sijaondoka nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza. Nilimfunua kope ya chini ya jicho. Ndani ilikuwa nyeupe kama karatasi, dalili ya upungufu wa damu. Siku ile barazani sikuitazama, kwa sababu namba ya chembe nyekundu ilikuwa nzuri.

Mchana majibu yakatoka. Sukari, kawaida kabisa. Chembe nyeupe, kawaida isipokuwa zile zinazopanda mnyama akiwa na minyoo. Chembe nyekundu zilikuwa chini sana, chini kuliko nilivyozikuta siku ya safari. Kinyesi nilichokiokota zizini kilijaa mayai ya minyoo inayonyonya damu tumboni. Wengu wake, siku ile ya bodaboda, ulikuwa umekamua akiba yote ukatuonesha mbuzi mwenye damu, na sisi tukabaki kujadili sukari.

Nilirudi jioni ile ile na dawa ya minyoo. Nikamweleza mzee kila kitu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, bila haraka, kuanzia ghala la ini mpaka wengu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mkewe naye, ambaye hupanda daladala kwenda kliniki na kufika akiwa anahema, hupimwa sukari ya safari. Nikamwambia amwambie akae kwanza, apumzike, ndipo atoe kidole, na kwamba mimi mwenyewe humkalisha mama mkubwa wangu nusu saa.

Akafikiri kidogo, akamtazama beberu aliyekuwa akila maganda ya mihogo.

"Basi huyu sikuletei tena," alisema. "Utakuja wewe."

Nitarudi baada ya wiki mbili kumtazama kope.